Sura ya Tano: Mabomba Yaliyozeeka kwa Miaka Miwili

Mabomba yalikuwa yamelazwa kwenye uwanja wa ghala la idara ya maji, ishirini na manne marefu na manane mafupi, yamepangwa mstari kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Mhandisi wa maji wa wilaya alipita akiyagusa moja moja kwa ncha ya kiatu. Kila alipogusa, magamba ya kutu yalidondoka.

“Bomba la chuma lililopakwa zinki hukaa ardhini miaka ishirini, mama mkaguzi,” alisema. “Mtu anaoa, anazaa, anaozesha, bomba lipo. Haya tuliyafukia mwaka juzi. Sasa niambie, haya yana miaka miwili?”

“Yanaonekana yana arobaini.”

“Ndiyo maana nasema yamebadilishwa. Mtu amechukua mapya, akarudishia vyuma chakavu.”

Mkaguzi wa mkoa alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mpole wa sauti, mwenye mkoba wa ngozi uliokwisha rangi pembeni. Huko ofisini kwake walimpa jina la Chujio, nalo likamfuata mpaka wilayani: jambo likipita kwake, maji huenda zake na takataka hubaki mkononi mwake. Hakuja kutafuta mwizi. Karatasi iliyomleta ilikuwa na swali moja tu. Visima kumi na viwili vya pampu za mkono vilichimbwa ili watu wanywe, na wajukuu wao wanywe. Je, vingali vinatoa maji? Zamani mkaguzi aliridhika akiona risiti zimekamilika. Siku hizi alitakiwa aone kama kitu chenyewe kinadumu.

Hakikudumu. Kati ya visima kumi na viwili, vinane vilikuwa vimekufa.

“Nani aliyebadilisha?” aliuliza.

“Fundi wa visima. Hana mwenzake. Anayejua kung’oa bomba la kisima wilaya hii nzima ni yeye peke yake. Funguo anazo yeye. Shemeji yake ananunua vyuma chakavu. Na ameonekana na baiskeli, kafunga vipande viwili vya mabomba haya haya, anaelekea kwa huyo shemeji. Mama, mimi si mpelelezi, lakini hesabu hiyo si ndogo?”

“Hesabu ndiyo kazi yangu. Acha nijumlishe mwenyewe.”

“Jumlisha upesi basi. Kamati inakaa Alhamisi saa tano. Barua ya kumfukuza imeshachapwa, inangoja sahihi. Akitoka pale anakabidhiwa polisi.”

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Chujio aliinama, akashika bomba moja fupi. Ncha moja ilikuwa na uzi wake wa kufungia, ncha ya pili ilikuwa imechanika ovyo, haina alama ya msumeno.

“Haya mafupi ni ya nini?”

“Vipande tu. Mwizi huokota chochote.”

Alihesabu tena. Manane. Visima vilivyokufa navyo vinane. Aliandika, akafunga daftari.

“Kisima kina mabomba mangapi?”

“Tisa kila kimoja. Ya juu yote yalitoka kama mapya. Huyu fundi ana akili, alibadilisha ya chini, ambako jicho halifiki.”

“Naomba nione hayo ya juu.”

Mhandisi alielekeza kidevu kwenye uzio wa ofisi. Nguzo zake zilikuwa mabomba yaliyopakwa rangi ya kijani, yamekatwa yakalingana, miguu ikiwa ndani ya zege.

“Tusingeyaacha yaharibike bure,” alisema.

Dereva wa Chujio, mzee aliyebakiza meno ya mbele na maneno mengi, alikohoa kidogo. “Bosi, huu ushahidi umeshaota mizizi.”

Ofisini, juu ya meza ya mhandisi, kulikuwa na karatasi nyingine. Chujio aliisoma bila kuishika. Ilikuwa maombi ya mabomba ya visima vipya arobaini. Chuma kilichopakwa zinki, inchi moja na robo, aina ile ile.

“Hii utaipeleka lini?”

“Ijumaa. Tukishamwondoa mwizi, kazi inaendelea.”

*

Kwa shemeji wa fundi hakukuwa na mlango. Kulikuwa na rundo la vitanda vya chuma upande mmoja na rundo la magurudumu upande wa pili, mtu anapita katikati. Mwenyewe alikuwa amevaa fulana, ananing’iniza injini kwenye mizani.

“Karibuni. Mnauza au mnanunua?”

“Tunauliza,” alisema Chujio.

“Kuuliza hakuna kilo, mama, lakini kaeni.”

Ukutani nyuma yake yaliegemea mabomba kumi na matano, yanang’aa, hata mvua moja haijayapiga. Dereva aliyaona kwanza, akamgusa bosi wake kiwiko kama mtu aliyeona nyoka. Chujio alitoa utepe wa kupimia. Alipima mdomo wa bomba la kwanza, la pili, na la mwisho.

“Inchi mbili,” alisema. “Ya visima ni inchi moja na robo. Haya yametoka wapi?”

Mnunuzi wa vyuma alijifuta mikono, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye kopo. Yalitoka kwenye paa la ukumbi wa shule uliobomolewa. Sahihi ya mwalimu mkuu ilikuwepo, na mhuri.

“Nami nilishadhani tumekamata,” dereva alinung’unika.

“Ukamate nani, mzee wangu? Wewe hata usingizi unakukamata wewe.”

Chujio aliirudisha karatasi. “Shemeji yako alileta vipande viwili hapa. Kweli si kweli?”

Mtu yule aliacha kucheka. Alitazama mkoba wa ngozi, akatazama barabarani kama wapo wengine.

“Kweli.”

“Ulimlipa nini?”

“Nilipe nini? Hakuleta kuuza. Alinisukumia mkononi akasema, shemeji, wewe umekulia kwenye vyuma, nitazamie kutu hii, ni ya namna gani?”

“Ukamwambia nini?”

Aliokota kipande cha bomba la bustani, kimekula mvua miaka mingi. Alikikwaruza kwa bisibisi. Kutu ilitoka, chuma kizima kikaonekana chini yake. “Unaona? Chuma cha kawaida huoza kutoka nje kwenda ndani. Vile vipande vyake vilioza kutoka ndani kuja nje, kama jino. Nikamwambia, shemeji, chuma hiki kimelishwa kitu kibaya.”

“Mbona hukwenda kumwambia mhandisi?”

“Mhandisi atamsikiliza muuza makopo? Mama, wewe ndiye mtu wa kwanza wa ofisi kuingia hapa bila askari.”

*

Jioni ile Chujio alimkuta fundi nyumbani kwake, anatoboa ndoo kuukuu iwe jiko. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu wa kazi na kucha zilizokatwa mpaka nyamani. Mama wa watoto wanne. Miaka tisa alikuwa akizungukia visima kwa baiskeli, spana zimefungwa nyuma kwa mpira.

Hakulia, wala hakujitetea. Alivuta kigoda.

“Umekuja kunihesabia makosa, dada?”

“Nimekuja kukuuliza. Ulimweleza nani kuhusu kutu?”

“Nilimweleza mhandisi mara mbili. Mara ya kwanza akasema atayapaka rangi. Mara ya pili akasema kazi ya fundi ni spana, kufikiri kuna wenyewe.” Alipuliza mavumbi ya chuma kwenye paja. “Nikanyamaza. Sasa kunyamaza kwangu ndio wizi wangu.”

“Kesho nataka unifungulie kisima. Kimoja kati ya vile vinne vinavyofanya kazi. Ambacho hakijafunguliwa tangu siku ya kwanza.”

“Kipo cha zahanati, namba tisa. Lakini nimezuiwa kugusa kisima.”

“Utakigusa mbele ya aliyekuzuia.”

*

Jumanne saa tatu, kisima namba tisa kilikuwa na foleni ya ndoo iliyozunguka ukuta wa zahanati. Waliposikia pampu inafungwa kwa muda, wanawake walipiga mayowe ya kulalamika.

“Mkikibomoa na hiki, tutawanywa nyie!” alisema mmoja mwenye mtoto mgongoni.

“Yanatoka mazuri hapa?” Chujio alimuuliza.

“Mazuri? Siku hizi ukichota asubuhi ni mekundu. Ukifua shati jeupe linatoka kama limefuliwa kwa udongo. Na chai, ukitia majani tu, inageuka nyeusi kama wino.”

Chujio aliandika neno *chai*. Kisha akamwita mhandisi karibu na pampu. Siku ya kuzindua kisima, mafundi walipaka rangi ya buluu juu ya kila boliti.

“Tazama hizi boliti. Rangi ni ya siku ile ile?”

“Ya siku ile.”

“Kuna iliyopasuka? Kuna alama ya spana?”

Mhandisi alizunguka pampu yote, akapiga magoti, akainuka. “Hakuna.”

“Basi tuandike hivyo kabla hatujafungua. Wewe utie sahihi, mimi nitie.”

Mhandisi alimtazama kidogo, akatia sahihi.

Fundi alitoa kofia ya pampu. Rangi ilipasuka kwa sauti ndogo. Alisimamisha miguu mitatu ya chuma juu ya kisima, akafunga kabari kwenye shingo ya bomba, akavuta mnyororo. Hakuwa na haraka. Kila bomba lilipotoka zima juu ya ardhi alilifungua kwa spana mbili, akalilaza kwenye turubai, akavuta lingine.

La kwanza lilitoka safi, rangi ya kijivu. La pili hivyo hivyo, na la tatu. Mhandisi alikunja mikono kifuani. Chujio alichuchumaa, akaingiza kidole ndani ya lile la tatu. Kidole kilitoka chekundu mpaka kwenye kifundo.

La nne. La tano.

“Sasa ondokeni hapo karibu,” fundi alisema. Aliuacha mnyororo ukavuta kidogo kidogo, huku mkono wake wa kushoto umelishika bomba kama mtu anayemwinua mgonjwa. “Hili la sita ndilo hukatika. Kila kisima, moja. Ukilivuta kwa nguvu linakuachia nusu mkononi, nusu inabaki chini unaivua kwa ndoano.”

Chujio alikumbuka yale mafupi manane, lakini hakusema. Aliacha macho ya mhandisi yafike yenyewe.

Bomba la sita lilitoka zima. Nusu yake ya juu ilikuwa ya kijivu, laini, kama lililotoka dukani jana. Katikati palikuwa na mstari ulionyooka, na chini ya mstari ule chuma kilikuwa kimetafunwa, kina matundu ya kupenyeza kidole, chekundu na cheusi. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye matundu.

“Mstari huu ni nini?” Chujio aliuliza.

“Ndipo maji ya kisima yanapoishia,” fundi alijibu. “Juu ni hewa, chini ni maji.”

“Kuna mhuri wa kiwanda. Bwana mhandisi, nisomee namba yake.”

Mhandisi alipiga magoti mara ya pili asubuhi ile. Alisoma. Chujio alifungua jalada kwenye hati ya kupokelea mabomba ya mradi, akamwonyesha. Namba ilikuwa ile ile.

Kisha yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni akacheka.

“Jamani! Mwizi gani huyu anayeiba nusu ya bomba?”

Kicheko kilipita foleni nzima mpaka nyuma ya ukuta, na walioko nyuma wakauliza kimesemwa nini, wakaambiwa, wakacheka upya. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa anavuta bomba la saba.

Mhandisi alijipangusa magoti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini karatasi zake. “Kwa hiyo ni maji yenyewe,” alisema taratibu. “Lakini maji yalipimwa, mama. Kila kisima kilipimwa kabla sijaagiza. Nina cheti cha maabara. Vyote kumi na viwili, saba, saba. Maji ya saba hayali chuma.”

Chujio alikwenda zahanati, akarudi na kijitabu cha karatasi za kupimia tindikali. Alichovya moja ndani ya ndoo. Karatasi iligeuka njano. Akailinganisha na rangi za kwenye jalada la kijitabu.

“Tano na nusu,” alisema. “Saba ni maji yaliyotulia. Yakishuka hivi yana tindikali. Mtu haisikii kinywani, chuma huisikia, na chuma kikiyeyuka majini chai huwa nyeusi.”

“Naiona. Lakini kamati haitaiona. Mwenyekiti atashika cheti chenye mhuri mkono mmoja na karatasi ya zahanati mkono mwingine. Ataniuliza, maji yenye cheti safi yanakulaje chuma? Nitamjibu nini? Atasema fundi amemwaga kitu kisimani.”

“Atasema hivyo?”

“Mimi mwenyewe ningesema hivyo jana.”

*

Jumatano Chujio alikwenda maabara, chumba kimoja nyuma ya soko. Chupa za kioo ziligeuzwa mdomo chini juu ya kitambaa cheupe, zimepangwa kwa urefu. Mpima maji alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Shati lake lilikuwa limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, moja nyekundu, moja ya buluu. Watu walimwita Utaratibu, naye aliitika.

“Daftari la mapokezi la mwaka juzi, tafadhali.”

Alilitoa bila kutafuta. Chujio alifungua ukurasa wenye mradi. Mistari kumi na miwili, mwandiko mzuri. Sampuli zote zilipokelewa siku moja, kati ya saa nne na dakika tano na saa nne na nusu asubuhi.

Alimwita dereva kutoka nje.

“Mzee, jana kutwa ulikwenda kisima namba kumi na mbili kuniangalia hali yake. Kutoka kule mpaka hapa ni mwendo wa saa ngapi?”

“Saa saba, bosi. Na hapo sikusimama hata kujisaidia.”

“Na kuvizungukia vyote kumi na viwili?”

“Siku tatu. Mvua ikikuhurumia.”

“Asante. Tungojee kwenye gari.”

Mlango ulipofungwa, Utaratibu alivua miwani, akaifuta, hakuivaa.

“Ulichota wapi?” Chujio aliuliza.

Bomba la beseni lilikuwa likidondoka. Alisimama akalikaza, akarudi kukaa.

“Namba moja. Hiki cha hapa sokoni.”

“Chupa zote?”

“Zote kumi na mbili.”

“Kwa nini?”

Aligeuka akaonyesha ukutani. Kanuni za maabara zilikuwa ndani ya fremu, na ya nne ilipigiwa mstari mwekundu: *Sampuli ifike kabla ya saa sita kupita tangu ichotwe. Iliyochelewa imwagwe.*

“Nilipewa gari siku moja,” alisema. “Kisima cha mwisho ni mwendo wa saa saba. Ningechota kule, ingefika imeshaharibika kwa kanuni, ningetakiwa kuimwaga. Mama, miaka thelathini na moja sijapokea sampuli iliyochelewa. Sikutaka nianze siku ile. Nikajiambia, ardhi ni moja, maji ni mamoja.”

“Ukatii kanuni.”

“Niliitii.”

“Na namba moja inatoa maji mpaka leo.”

Aliinamisha kichwa. “Mpaka leo. Nikipita pale asubuhi wananisalimia.” Kisha kwa haraka, “Sikula senti ya mtu, Mungu ni shahidi.”

“Najua. Ungekula, ningekukamata mwaka juzi. Jalada hili lilipita kwangu. Nilitazama risiti, nikaona zote zipo, nikaweka vema pembeni. Saa za kwenye daftari lako sikuzitazama. Hakuna aliyeniambia nizitazame.”

Walilitazama daftari, watu wawili wenye mwandiko mzuri.

“Unataka niandike,” alisema Utaratibu.

“Nataka uje Alhamisi saa tano, usome mwenyewe.”

“Nikisoma, nimejimaliza. Miezi minne imebaki.”

“Usiposoma, anamalizwa mwenzako, ambaye hakufanya kosa. Ana watoto wanne na baiskeli.” Chujio aliinuka, akaacha karatasi nyeupe mbili juu ya meza. “Sikulazimishi. Daftari nitalitaja kwa vyovyote, ila daftari halisemi chupa zilijazwa wapi. Hilo unalijua wewe na Mungu wako.”

*

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na viti visivyofanana. Wajumbe watano walikaa; mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, bado anatazama watu kama wamechelewa shule. Bomba la sita lililazwa juu ya magazeti katikati ya meza. Fundi alikaa karibu na mlango, mikono magotini. Nje ya dirisha shemeji yake alisimama kwenye jua, fulana mpya.

Chujio alieleza mambo yake kwa dakika kumi na mbili. Hakuwa na kura pale. Alikuwa na karatasi tu.

Mhandisi alisimama akasema aliyoyaona kisimani, na kwamba sahihi ya kwenye ile karatasi ya boliti ni yake. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini aliyasema yote.

“Nimeliona bomba,” mwenyekiti alisema. “Linashangaza. Lakini hapa nina cheti cha maabara, kina mhuri. Maji ni saba. Maji safi yanakulaje chuma? Mtu mwenye funguo hashindwi kumwaga kitu kisimani.”

“Aliyetoa cheti ameombwa afike,” alisema Chujio.

“Yuko wapi?”

Saa ya ukutani ilisema tano na dakika thelathini na tano.

“Tungoje dakika kumi,” mhandisi alisema.

“Kamati haingoji mtu ambaye hayumo kwenye ajenda.” Mwenyekiti alivuta barua, akafungua kalamu. Fundi aliitazama kalamu ile, na vidole vyake vikaacha magoti, vikashika ukingo wa kiti.

Mlango uligongwa mara tatu, kwa adabu. Utaratibu aliingia, jasho shingoni, karatasi mkononi.

“Samahani, mwenyekiti. Nilikuwa natafuta sahihi ya ruhusa ya kutoka kituoni.”

Alisoma amesimama. Yalikuwa maneno machache, ukurasa mmoja na nusu, kila kituo mahali pake. Alipofika kwenye chupa kumi na mbili alirudia mstari ule tangu mwanzo ili usikike vizuri. Alipomaliza alikunja karatasi, akaiweka mezani kando ya bomba, akabaki amesimama.

Mwenyekiti aliufunika mdomo wa kalamu yake. Akaufungua tena, akapiga mstari mrefu kuanzia juu ya barua ya kumfukuza fundi mpaka chini, akaweka tarehe na sahihi. “Imefutwa,” alisema. “Bwana mhandisi, na ile ya visima arobaini?”

“Naiondoa leo hii. Sitaagiza bomba hata moja mpaka kila mahali papimwe pale pale. Penye maji makali tutaweka plastiki.”

“Mkaguzi ataandika hivyo?”

“Nitaandika hivyo,” alisema Chujio. “Na mwakani nitarudi kutazama. Na kosa la ofisi yangu nitaliandika pia.”

Mwenyekiti aligeukia mlangoni. “Fundi, tumekukosea. Una neno?”

Fundi aliinuka. Wote walidhani atamgeukia mhandisi. Alimtazama mpima maji.

“Mzee, siku ile ulipopewa gari la siku moja, mbona hukuja kwangu?”

Utaratibu hakuelewa. “Nije kwako kufanya nini?”

“Mimi napita visima vyote kila mwezi. Ungenipa chupa, ningechota kila moja mahali pake, nikakuandikia na saa. Zingechelewa, sawa. Ungezimwaga. Lakini ungejua kwamba hujui.”

Mjumbe mmoja alitaka kucheka, akaona hakuna mwenzake. Utaratibu alikubali kwa kichwa mara mbili, polepole.

Kamati ilifungwa. Barazani shemeji alikuwa ameshampokea fundi kwa utani. “Haya, mwizi wa nusu bomba, twende nyumbani!” Fundi alimsukuma bega, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alicheka, mpaka akajishika ubavu. Utaratibu alisogea karibu, amesimama kama mtu aliye kwenye foleni.

“Fundi, zile karatasi za rangi ninazo boksi zima. Zinapima pale pale, hazina saa sita. Nilitaka nianze upya. Vyote kumi na viwili.”

“Baiskeli unaiweza?”

“Naiweza. Lakini huenda kesho wakanisimamisha kazi.”

“Ofisi inafunguliwa saa ngapi?”

“Saa mbili kamili.”

“Basi njoo saa kumi na moja alfajiri. Mpaka waichape hiyo barua, tutakuwa tumeshafika namba nne.”

Chujio, aliyekuwa anafunga mkoba wake hatua mbili kutoka hapo, alijifanya hakusikia.